Maswali yenu: Kobe wa tanki watoke nje lini?

SWALI: Dada hujambo, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ingawa sijawahi kuandika. Niko na kobe wawili wa maji, wale wa kijani wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, niliwanunulia watoto miaka sita iliyopita wakiwa wadogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Sasa mmoja gamba limefika sentimita 20 na mwingine kama 14 hivi, na tanki ni lile lile la lita 80, maji nabadilisha Jumatano na Jumamosi na bado mgeni akiingia sebuleni anauliza nini kinanuka. Mwaka huu tumehamia kwetu Utawala, nyuma ya nyumba kuna nafasi, nikaita fundi akachimba shimo la mita mbili kwa moja na nusu, kina cha magoti, akalipiga simiti wiki jana. Watoto wanataka tuwahamishe Jumamosi hii. Mke wangu anasema ni baridi, mimi naona kobe wa maji si maji ndiyo kwao? Pia niambie kama nahitaji filta, kama watatoroka, na kama naweza kuweka tilapia humo humo.
Baba wa watatu, Utawala

JIBU: Ndugu yangu, mama watoto amesema ukweli, Jumamosi hii usiwahamishe. Na sisemi hivyo kukuvunja moyo, maanake nimefurahi kweli kusoma kwamba umechimba, kobe wa sentimita 20 kwenye lita 80 ni kama mtu mzima kulelewa ndani ya karai. Hesabu wanayotumia wafugaji ni kama lita 40 kwa kila sentimita mbili na nusu za gamba, kwa hivyo huyo mkubwa peke yake alitakiwa awe na lita 320 na mwenzake umwongezee nusu ya hesabu yake. Shimo lako linabeba karibu lita 1,500. Nafasi umewapa. Shida ni mwezi.

Tuko katikati ya Juni. Kobe hana joto lake mwenyewe, wewe ukilala na baridi mwili unachoma ugali wa jioni upate moto, yeye hana hiyo, joto la maji ndilo joto la damu yake. Maji yakiwa nyuzi 25 au 26 tumbo linasaga vizuri, anakula, anapigana na magonjwa, yakishuka chini ya 20 anaanza kupoa, yakifika 15 hataki hata kuona chakula. Sasa hawa wa mstari mwekundu, tunaowaita slaida, kwao ni kusini mwa Marekani, bonde la mto Mississippi mpaka kaskazini mwa Mexico, na watu husikia hivyo wakadhani ni mnyama wa joto tu, lakini kwao kuna baridi kuliko yetu mbali sana. Maji yanashuka chini ya 10, kobe anakuwa ameshaacha kula wiki kadhaa kabla, tumbo tupu, anashuka kwenye tope anatulia miezi, moyo ukipiga mara moja moja. Anaamka maji yakipata joto.

Angalia sisi sasa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, Julai usiku inaweza kushuka mpaka 10 au 11, na mchana lile wingu la kijivu likikaa kutwa hatupiti sana 21 au 22. Maji ya kidimbwi yanabaki hapo katikati, 16, 17, 18, siku baada ya siku. Hiyo si baridi ya kumlaza na si joto la kumsagia chakula. Yuko macho, anaogelea kidogo, ukimrushia kitu anaweza hata kukimeza, halafu kile kitu kinakaa tumboni kinaoza kwa sababu hakuna moto wa kukisaga, na huku kinga ya mwili imelala. Hapo katikati ndipo kobe wengi wa hapa mjini huugulia, na wenye kobe hawajui kwa sababu hakuna theluji ya kuwatisha, tunavaa sweta tu tunaendelea na kazi.

Najua kwa sababu nilimpoteza mmoja hivyo. Ilikuwa mwisho wa Juni, miaka mingi sasa, nilikuwa na dume moja nililolipenda sana, nikamtoa kwenye tanki lenye hita nikamtia kwenye birika la simiti nyuma ya nyumba siku hiyo hiyo, sikupima chochote. Wiki ya kwanza alikula. Ya pili akaacha nikasema amenuna, atazoea. Asubuhi moja nikatoka na chai mkononi nikamkuta anaelea ameinama upande wa kushoto kama mtumbwi ulioingia maji, anajaribu kuzama anashindwa, upande mmoja unamrudisha juu. Nikamwinua nikamtazama usoni. Kwenye tundu moja la pua kulikuwa na povu dogo, linavimba akitoa pumzi, linapasuka, linavimba tena. Mapafu yalikuwa yameingia maji. Daktari alimchoma dawa, tukamweka kwenye joto, siku ya tisa akafa. Mpaka leo nikiona kobe anaelea upande siulizi swali la pili, nabeba naenda. Na wewe ukiona hivyo, au macho yamevimba yamefunga, au anafungua mdomo kupumua, au gamba linabonyea kama kadibodi, usingoje Jumatatu. Kule Kabete kwenye kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi wana kliniki ya wanyama wadogo, anzia hapo kama daktari wa jirani yako anatibu ng'ombe na mbwa pekee.

Kwa hivyo unangoja mpaka lini? Usiniulize tarehe, uliza themomita. Nunua ile ya kuelea ya maduka ya samaki wa mapambo, ifunge kwa uzi ikae chini karibu na sakafu ya kidimbwi si juu, maanake juu jua hudanganya, na uisome saa moja asubuhi kabla jua halijapata nguvu. Asubuhi saba mfululizo ikisoma 20 au zaidi, anza. Utawala mko chini kidogo kuliko sisi wa upande wa Dagoretti kwa hivyo huenda ukatangulia, lakini mara nyingi ni kuanzia mwisho wa Septemba, Oktoba hivi, na ukikosa hapo Januari na Februari ndiyo miezi mizuri zaidi. Na mwakani Juni ikirudi uwe na mpango, ama warudi ndani mpaka Agosti iishe ama ufunike. Mimi siku hizi nafunika nusu ya kidimbwi na ile karatasi ya grinihausi wanayojengea nyumba za nyanya, naikunja kama paa dogo, mchana inashika joto vizuri. Nusu nyingine naacha wazi kabisa na sababu yake nakuja kukwambia.

Hizi wiki zilizobaki kuna kazi, tena nyingi. Simiti mpya ni sumu kwa kobe na kwa samaki, inatoa chokaa ndani ya maji, ngozi inaungua na macho yanawasha. Jaza maji, acha wiki nzima, mwaga, sugua kuta na siki, jaza tena. Fanya hivyo mara tatu au nne. Halafu tafuta vile vikaratasi vya kupima pH, yaani ukali wa maji, wenye mabwawa ya kuogelea wanavitumia, ikisoma kati ya 6.5 na 8 uko sawa, ikisoma 9 au 10 mwaga tena. Najua inauma kumwaga maji na mgao wetu ulivyo, lakini maji hayo ya chokaa usiyapeleke kwenye mboga, wala usifupishe safari.

Kina cha magoti hakitoshi. Maji machache yanapoa haraka usiku na kuchemka haraka Februari, na kobe anataka mahali pa kuzama apotee akitishwa. Mwite fundi aongeze kozi mbili za mawe juu kuzunguka pande zote, upate kama sentimita 70 za maji na bado ukuta ubaki juu ya maji. Hizo kozi zitakusaidia pia na jambo ninaloogopa kuliko kobe wenyewe, ni watoto. Sentimita 70 za maji zinamzamisha mtoto mdogo bila kelele yoyote. Hukuniambia umri wa kitinda mimba wako. Kama ako chini ya miaka sita au kuna wa jirani wanaopita, weka wavu wa chuma wa kufunika wenye komeo kabla hujatia hata ndoo moja, tafadhali sana.

Kutoroka, ndiyo, watatoroka. Watu humwona kobe mzito wakadhani hapandi. Wavu wa kuku kwake ni ngazi, anashika kucha kwenye kila tundu anapanda mpaka juu anajiangusha upande wa pili, nimemwona kwa macho yangu. Tumia kitu laini, mabati mapya yaliyonyooka ni mazuri, sentimita 45 juu ya ardhi na 30 ndani ya ardhi maana jike akitaka kutaga anachimba, na zile pembe nne uzifunike juu kwa kibao maana hupenda kupandia pembeni. Halafu fikiria mvua. Masika yakija kidimbwi kinajaa mpaka pomoni na kobe anaelea tu anavuka, kwa hivyo toboa tundu la kupunguzia maji sentimita kumi chini ya ukingo, weka bomba, mdomo wa bomba ufunge kwa wavu.

Na kuna wanaoingia pia, si kutoka tu. Mbwa ndiye mbaya kuliko wote, anatafuna gamba kama mfupa. Kunguru na mwewe wa hapa mjini hawaogopi mtu, wakimwona mdogo wanambeba au wanamtoboa macho. Wako sentimita 14 na 20 wameshapita hatari kubwa ya ndege, lakini chini ya sentimita 10 kobe yeyote asilale nje. Ukiwa na siafu kwenye ploti zungusha majivu ukutani na ukague jioni.

Filta unahitaji, na pampu. Kobe wawili wa ukubwa huo wanachafua kuliko samaki ishirini. Si lazima ya bei, pipa la plastiki la lita 100 lililojazwa kokoto na vipande vya sponji, pampu inavuta maji chini inayapandisha kwenye pipa yanarudi yenyewe kwa mteremko, inatosha kabisa. Usioshe zile sponji kwa maji ya mfereji yenye klorini maanake bakteria wazuri wanaosafisha uchafu wanaishi humo, zisuuze kwa maji ya kidimbwi chenyewe. Stima ikipotea siku moja hakuna kitakachoharibika, ikipotea tatu badilisha maji kidogo. Maji yakizunguka mbu hawatagi vizuri, na viluwiluwi watakaobaki kobe mdogo atawala. Waya wa pampu uwekwe na fundi wa stima anayejua kazi, na swichi ya kukata moto yenyewe ikitokea hitilafu, usichomeke tu ekstensheni ukaipitisha dirishani.

Tilapia, sikushauri. Vidogo vitaliwa vyote, wakubwa watatafunwa mapezi mpaka waoze, na wewe utaongeza uchafu mara mbili. Kama ni kijani unataka weka azola, ule mmea mdogo unaoelea juu ya maji, ile wanayouza wafugaji wa kuku, kobe wanaila na inajizalisha. Gugumaji usichukue, najua watu huenda kulitoa Nairobi Dam kwa sababu ni bure na maua yake yanavutia, sote tumeona kilichofanyika kule na Ziwa Victoria. Chakula kingine sukuma wiki, omena kavu kidogo mara mbili kwa wiki, na vile vidonge vyao. Mkate hapana.

Sasa ile nusu ya kuachwa wazi. Jua likipita kwenye kioo cha dirisha au kwenye karatasi ile ya grinihausi linaleta joto lakini miale ya UVB hukatwa, na bila miale hiyo kobe hatengenezi vitamini D, bila vitamini D kalisi ya omena inapita tu, gamba linakuwa laini na kukunjamana. Hapa tuko karibu na mstari wa ikweta, jua la saa tatu mpaka saa tano asubuhi ni zuri kuliko taa yoyote utakayonunua. Weka gogo au mteremko wa mawe wa kuwatosha wote wawili, sehemu ya jua kali na pembeni yake kivuli, ili kila mmoja achague. Ukiona wamepanda juu wamenyoosha miguu ya nyuma na kufungua vidole kama feni, ujue wameridhika.

Siku ikifika usiwamwage. Wiki ya kwanza watoe nje saa mbili tatu kwa beseni pana, nusu kivulini, maji yawe ya joto lile lile la tanki, na usitoe tanki la kioo juani hata dakika kumi kwa sababu linachemka na kobe yuko ndani. Wiki ya pili changanya maji ya kidimbwi kidogo kidogo. Halafu ndio uwaweke wenyewe kwenye ule mteremko, waingie kwa miguu yao. Siku mbili tatu watajificha chini usiwaone kabisa, usiingize fimbo kuwatafuta. Mwangalie yule mkubwa, kama makucha ya mbele ni mafupi na mkia mwembamba ni jike, na jike hutaga hata bila dume, akikosa udongo wa kuchimba mayai yanamkwama ndani na anaweza kufa. Mtengee kona ya udongo wenye mchanga, kina cha sentimita 30, maana ule udongo mweusi unaopasuka jua likiwaka hawezi kuuchimba.

Na mikono. Kobe wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, wakiwa wazima kabisa, Marekani walipiga marufuku kuuza wa chini ya inchi 4 mwaka 1975 kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Beseni la kobe liwe la kobe, lisirudi jikoni.

SWALI: Hujambo dada. Mwanangu alipata kobe wa maji amevuka barabara kwetu Lang'ata baada ya mvua za mwezi wa tano. Ni wa kahawia, ananuka. Tunaye kwenye ndoo. Naweza kumweka na slaida wetu?
Mama wa mmoja, Lang'ata

JIBU: Dada, usimweke. Mtazame akijificha. Slaida anarudisha kichwa nyuma moja kwa moja ndani ya gamba, kama wako anakunja shingo kando akakilaza kichwa chini ya ukingo, huyo ni wa hapa hapa kwetu na harufu hiyo ndiyo silaha yake. Hakuwa amepotea. Hawa ukame ukija hujizika kwenye tope, mvua ikinyesha wanatoka wanatembea kutafuta dimbwi jipya, na nyinyi mko jirani na mbuga. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, kwa hivyo ongea na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, makao makuu yao yako hapo hapo Lang'ata Road, waambie mlimwokota wapi na lini. Ndoo ambayo amekaa msiitumie kwa slaida, wasije wakaambukizana. Na mwambie mwanao alifanya vizuri kumtoa barabarani.

SWALI: Nahamia bedsita mwezi ujao na slaida wangu wa miaka minane hana mahali. Nimwachilie mtoni? Pale Nairobi River watu husema wanaishi tu.
Msomaji, Umoja

JIBU: Hapana rafiki yangu, nakuomba. Akifa kwenye maji yale atakufa vibaya, na akiishi ni mbaya zaidi kwa wengine, anachukua chakula na mahali pa kuota jua pa wale wa kienyeji niliowataja hapo juu. Slaida yuko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na Ulaya walizuia kumwingiza tangu 1997, wengi walioanza tatizo hilo walikuwa watu wema kama wewe waliokosa nafasi. Na bado ana miaka mingi mbele, hawa hupita 20 na wengine wanafika 30 na zaidi.

Nitumie urefu wa gamba na picha ya makucha ya mbele. Baba wa Utawala, kama unasoma, una lita 1,500 na ukiongeza zile kozi zitazidi 2,000. Kidimbwi kikikaa sawa mwezi wa kumi na ukiona moyo unakubali, niandikie. Atakaa peke yake kwenye tanki lako la lita 80 kwanza, siku 90, tuhakikishe hana ugonjwa, halafu ndio tumpeleke kwa wenzake.